Msongo wa Jicho

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki ya macho. Mistari ya vitabu inapinda tangu mwezi jana, jicho la kulia hasa. Daktari kanipa fomu ya utafiti: "Kupima msongo katika retina hai." Hai! Kwani walidhani nitaleta maiti? Nikaichora kwa kalamu nyekundu: msongo ni wa mawazo, jicho haliwazi. Daktari akasema ni tafsiri tu, mama. Chembe za nyuma ya jicho huelemewa na oksijeni, na kamera huona. Basi andikeni hivyo! Nikatia sahihi.

Mume wangu kasoma neno moja tu. Msongo! "Si nilikwambia, makala zako hizo za gazetini, mpaka jicho limechoka na ugomvi." Kafurahi kama kapandishwa cheo.

Jumatano, 5 Machi
Kidevu juu ya plastiki, paji kwenye mkanda. Usipepese, usiongee. Wahariri wanne wameshindwa kuninyamazisha — kaweza mpiga picha mwenye soksi za njano! Mwanga wa buluu. Kisha akasema: mama, la kulia linang'aa kuliko la kushoto.

Nimerudi kichwa kimevimba. Jicho lililosoma maktaba nzima, lisingeng'aa? Mume wangu kashika simu awapigie dada zake. Nimeanza makala: "Wabishi Wangu Waje Wapigwe Picha."

Ijumaa, 7 Machi
Makala nimeichana.

Daktari kapiga simu. Chembe zenye afya hutoa mwanga hafifu. Zikielemewa ndipo zinang'aa. Na yule mwenye soksi alivyosema linang'aa, kama anauza sufuria! Nimetafuta wa kugombana naye. Hayupo. Nimefungua kitabu, nikafunika jicho la kushoto. Katikati ya ukurasa pana doa.

Mume wangu sijamwambia. Ameshawatangazia dada zake wote kwamba jicho langu linang'aa.

Jumatatu, 10 Machi
Picha ya marudio. Picha ya leo ikizidi ya Jumatano kwa kung'aa, ni sindano — ndani ya jicho, leo leo, kabla doa halijameza ukurasa.

Naandika kwenye benchi, macho yamejaa dawa, herufi zinapandana. Mume wangu kang'ang'ania kunisindikiza. Kaingia kuwauliza majibu mwenyewe. Huyo anatoka, meno yote nje. "Mke wangu, limezidi! Linang'aa kuliko Jumatano!"

Daktari yuko nyuma yake, anavaa glavu. Anamtazama yeye, ananitazama mimi. Nampa mume wangu kalamu hii, naingia kudungwa.