Kamati Imeridhika Nawe

Ikulu, Nairobi
3 Machi 2025

Kwa dada yangu Gatakaa,

Hujambo? Mimi sijambo, ila usingizi sina. Barua hii nampa Mama aje nayo Maua, maana simu zangu hushiki tangu niolewe na Rais, mumeo.

Nasikia wewe ndiwe mwenyekiti wa kamati ya bunge inayowahoji mabalozi. Rais amenipendekeza mimi. Tafadhali, nikatae! Kuna msichana mwingine hapa, anakula nasi kila mlo. Na Rais amesema mwanangu Mukiri atabaki naye. Nikikataa mwenyewe atanifukuza mikono mitupu. Kamati ikinikataa, hatakuwa na la kufanya.

Mdogo wako,
Marcella

Maua
9 Machi 2025

Marcella,

Salamu zimefika. Huku tu wazima, mvua tu imetukalia. Mama alisimama mlangoni mpaka nikaisoma barua yako yote.

Ulikuja Ikulu na sanduku la bati. Nikakulipia karo, nikakupa chumba kando ya cha mwanangu Marete. Rais aliponifanya balozi nililia kwa furaha, mjinga mimi, nawe ukanikunjia nguo. Wiki ya pili ulikuwa umehamia chumbani kwangu. Nilipopiga simu ulisema, "Dada, huku tuko sawa, wee fanya kazi ya nchi."

Niliifanya. Nikarudi, nikaomba kura nikizomewa kuwa mke aliyeachwa, na nikawashinda.

Njoo bungeni Alhamisi. Vaa vizuri.

Dada yako,
Gatakaa

Ikulu
11 Machi 2025

Dada,

U hali gani? Asante kwa kunijibu. Nilikukosea, najua. Maswali nitayajibu ovyo makusudi, ili upate sababu ya kuninyima.

Mdogo wako,
Marcella

Maua
15 Machi 2025

Mheshimiwa Balozi,

Habari ya Ikulu? Umepakia?

Kweli ulijibu ovyo. Hata jina la rais wa huko uendako hukulijua! Mheshimiwa Kithinji alitaka tukukatae palepale. Nikamwambia huyu nimemlea mwenyewe, woga tu umemshika, hakuna anayefaa kumshinda. Nilikupigia debe mpaka sauti ikakauka. Kamati imeridhika nawe, kura zote.

Mama hanisemeshi tangu juzi, na inaniuma. Lakini nimelala vizuri, mara ya kwanza kwa miaka minane.

Kuhusu Mukiri, usiwe na wasiwasi. Watoto huzoea upesi. Marete wangu alianza kukuita wewe mama kabla ya Krismasi.

Dada yako,
Gatakaa