Bahasha Nilizokufungia

S.L.P. 41, Bwera,
Wilaya ya Kasese.
9 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Blandine,

Nakusalimu kutoka Bwera. U mzima huko Eldoret? Hardy na watoto wanaendeleaje? Mimi ini limekwisha. Daktari wa Kasese hanipi dawa tena. Anasema nile ninachotaka, nami sitaki chochote.

Nimesikia usaili wako wa kufundisha chuo kikuu ni Alhamisi ijayo. Ndiyo maana naandika leo, kabla mkono haujakataa.

Unakumbuka tulipopanga upya kozi za Kiingereza kwenye chuo chetu cha sayansi na teknolojia. Kwa miaka ishirini mimi niliwafundisha wahandisi insha na mashairi. Wewe uliwapeleka Katwe wakapime maji ya ziwa la chumvi, waandike ripoti, kisha wasimame kuitetea kwa Kiingereza. Walioshindwa kwangu walifaulu kwako.

Kiiza, mkuu wa idara, alinitania mbele ya kamati: "Mzee, huyu mutoto ya mupaka iko na kichwa! Sasa utamubebea mukoba." Nilicheka nao. Hapo hapo nikakuchukia.

Nilifuta jina lako kwenye mtaala, nikaandika langu. Walipouliza, nikasema ulininakili. Mkataba wako haukukatika kwa sababu ulivuka mpaka ukiwa mkimbizi, kama nilivyokwambia. Niliukata mimi.

Kuna jingine. Zile barua tatu za kukutambulisha kwa waajiri nilikupa zimefungwa kwa gamu, ukazibeba mwenyewe. Kwa heshima hukufungua hata moja. Ndani niliandika kwamba wewe ni mwizi wa kazi za wenzako. Kila uliponyimwa kazi ulinipigia simu kunishukuru kwa kujaribu. Marehemu mama yako, dada yangu Sophie, aliniletea kuku wa shukrani. Kuku yule nilimla.

Bahasha niliyokutumia Januari kwa ajili ya usaili huu ina maneno yale yale. Usiipeleke.

Nimeandika nyingine, ya kweli. Nilimwita Kiiza aje na muhuri wa idara. Zile nne alizigonga bila kusoma. Hii aliisoma, akanirudishia.

"Mzee, wewe kufa tu polepole," akasema. "Hiyo kozi iko na jina yako, na sahihi yangu iko chini."

Basi naiweka humu bila muhuri, pamoja na rasimu ya kozi kwa mwandiko wako mwenyewe. Niliificha miaka yote hii. Siraje, dereva wa lori la saruji, atakufikishia kabla ya Alhamisi. Sikupiga simu kwa sababu ungenihurumia, nami ningekudanganya tena.

Wakikuuliza muhuri uko wapi, waonyeshe barua hii, yote, hata pale penye kuku.

Nisalimie Hardy, na mdogo wako Benedicte. Mungu akufungulie mlango niliokuzibia miaka yote hii.

Siombi msamaha. Ningepona, nadhani nisingekuandikia.

Wako, akupendaye kwa kuchelewa,
Mjomba Asanasio