Jina kwa Wino Mwekundu

Kwako Lay Choo,

Hapa Ipoh mvua haijakatika, ila paa la jiko limezibwa.

Madaftari ya karatasi chakavu unayotengeneza chuoni yamefika. Yameshonwa vizuri. Unasema hata wino umeuchemsha mwenyewe kutokana na magome, ili usiichafue mito. Kwa wino huo mwekundu ukaandika kwenye daftari moja jina la bibi yako, dada yangu, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa moyo.

Kwetu Wachina, jina la aliye hai haliandikwi kwa rangi nyekundu. Hiyo ni ya marehemu.

Alilisoma jina lake, akanigeukia.

"Kaka, huyu mtoto ndiyo ameshanizika?"

"Mwandiko ni wake," nikamjibu.

"Basi waambie hao madaktari wasijisumbue."

Alifariki Jumanne.

Nilijua kwamba umekosea kwa kutojua, na neno langu moja lingemtuliza. Lakini alikuwa amekuahidi duka lake uuze humo madaftari yako, duka nililolifungua kila asubuhi kwa miaka thelathini. Siku ile ile alipoliona daftari, alitia sahihi hati, duka likawa langu.

Usije mazishini. Nimewaambia wote ulichoandika.

Ni mimi babu yako,
Keng Huat