Tulipomtaja Cheptanui

Jumatatu, 11 Februari 2008

Peterson ameleta viazi kwa lori lake. Magunia manne, yameshonwa kwa kamba ya katani vile tulivyokuwa tukishona kule Kuresoi. Sikuhitaji kuambiwa vimetoka kwa nani.

— Mathe, huyo mama alinisimamisha barabarani mwenyewe. Akasema nipeleke kwa Mama Ngigi, Karagita, wale watoto wapikiwe. Nikamwambia, mama, njiani kuna mawe na vijana. Akasema basi endesha polepole.

Cheptanui! Shamba lake na langu yalitengwa na ua wa michongoma tu. Nilitolewa huko mwaka wa tisini na mbili, sijarudi. Miaka kumi na sita katika chumba cha kukodi, na bado nikiota naota ukungu ule ule wa asubuhi. Yeye ni Mkalenjin, mimi Mkikuyu. Naandika hivyo kwa sababu siku hizi ndilo swali la kwanza la kila mtu.

Hapa uani kwa kanisa, ambako familia zilizokimbia ghasia za uchaguzi zimelala tangu Januari, Wachuka aliyazunguka magunia kama mtu anayenunua ng'ombe. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu. Mimi ni katibu. Akauliza kama kuna aliyeonja. Wanawake wakacheka, lakini hakuna aliyeshika kisu. Walifukuzwa juzi na watu wa kabila la Cheptanui. Siwalaumu.

Nikachemsha kimoja, nikakila mbele yao bila chumvi.

— Tungoje kidogo, akasema Wachuka. Akianguka tutajua.

Sikuanguka. Watoto wamelala wameshiba.

Jumatano, 13 Februari

Mjini Naivasha, kwa Reena. Baba yake, Darshan, ana duka la vifaa vya ujenzi. Reena mwenyewe ana saiba chumba cha pili, kompyuta za mtandao za kulipia kwa dakika. Bila msichana huyu kikundi chetu kingebaki kuomba kwa bakuli. Ndiye aliyetufungulia ukurasa kwenye mtandao mwezi uliopita. Binamu yake Ekta, aliyeko Uingereza, aliweka pale kitufe: mtu akikibonyeza akiwa popote duniani, mchango unaingia kwa Ekta, naye anatutumia. Kampuni ya kitufe haitambui Kenya bado. Kila wiki naandika tulichopata na tulichopika, Reena anakitia kwa Kiingereza na kukituma kwa barua pepe kwa wote waliowahi kutoa.

Lakini wiki mbili hizi wamenyamaza.

— Shosho, hawa watu hawataki risiti, Reena akaniambia. Na picha za mahema wameziona mpaka wamechoka. Nipee mtu. Mtu mmoja.

Nikampa mtu.

Niliandika pale pale, kwa mkono, kama nilivyoandika hotuba za harambee maisha yangu yote. Katika harambee mtoaji husimamishwa. Hutajwa jina lake lote, na kwao, na alicholeta, hata kama ni kuku mmoja, na watu wakapiga makofi. Ukimla mtu kuku wake bila kumtaja, umemwibia. Basi nikaandika jina lote la Cheptanui. Nikaandika kijiji chake, na kanisa analosali. Nikaandika kwamba wakati wanaume wanaweka mawe barabarani, mama huyu aliweka viazi.

Reena alipomaliza kutafsiri akafuta macho. Kisha akauliza kama mwenyewe ameruhusu.

Nilicheka. Nani anaomba ruhusa ya kushukuru?

Jumamosi, 16 Februari

Ekta ameandika kwamba kitufe hakijapumzika tangu Alhamisi! Watu wasiotujua — Kanada, Australia, mwalimu mmoja wa Norwei — wote wanasema ni kwa ajili ya yule mama wa viazi. Wameuliza kama yuko hai. Wametaka picha yake. Nikajibu kwamba picha sina, lakini tabasamu lake nalikumbuka.

Maziwa ya watoto yamepatikana, na mtu wa kuchimba vyoo pia. Wachuka alicheza katikati ya uwanja, leso kiunoni.

— Mwambie huyo Cheptanui wako sasa atume na vitunguu!

Jioni alinijia mama mmoja aliyechomewa nyumba kule Londiani. Haongei sana. Aliniomba nimfundishe kulitamka lile jina vizuri. Akalirudia mara kadhaa, polepole, akaenda zake.

Nimefurahi leo. Nilikuwa nimesahau furaha ikoje.

Jumanne, 19 Februari

Nimempigia Cheptanui kumweleza habari njema. Hapatikani. Labda simu haina moto. Huichaji kwenye kinu cha posho, na kinu hakifunguliwi kila siku.

Jumatano, 20 Februari. Bado hapatikani.

Alhamisi, 21 Februari

Simu imelia nikichambua maharagwe. Ni Chepkurui, binti ya Cheptanui aliyeolewa Kericho. Hakunisalimia.

— Mama Ngigi, mmemfanya nini mama yangu?

Ni hivi. Watu wao walioko ng'ambo wana baraza lao kwenye mtandao. Mmoja aliziona shukrani zetu, akazinakili zote, akaongeza maneno yake juu: tazameni anayelisha maadui. Mwingine wa huku nyumbani akayachapa kwenye karatasi katika saiba ya mjini kwao, akatoa nakala. Jumatatu vijana wakaingia uani kwa Cheptanui wakiwa nayo.

Chepkurui ananiheshimu tangu akiwa mtoto. Leo alikata simu kabla sijamaliza kusema pole.

Ijumaa, 22 Februari

Nimefika kwa Reena kabla hajafungua. Nikamwambia afute. Akafuta pale pale. Ukurasa ukabaki mweupe mahali pale. Nikapumua.

Kisha akaandika jina la Cheptanui kwenye mtambo wa kutafuta. Likatokea.

— Kwetu imetoka, Shosho. Lakini huu mtambo uliweka nakala yake. Itakaa siku kadhaa. Na ile baraza yao nayo siwezi kuigusa. Na zile barua pepe… ziko kwa kila mtu.

Ekta amewaandikia wenye baraza kuwasihi. Hawajajibu. Nilimwomba Reena aniambie barua pepe hurudishwaje. Hairudishwi. Nimetumikia harambee toka enzi za ujana, na sauti ya anayetaja majina huishia pale turubai linapoishia. Watu wakikunja viti, imekwisha. Sikuelewa kwamba hii haina turubai.

Darshan alisikia, akaja na chai. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba wao wenye maduka, mteja mkubwa humshukuru ndani, kwa sauti ya chini. Mlangoni humsalimia kama wengine. Nimenunua misumari kwake miaka kumi, sikuwahi kuliona hilo.

Kurudi uani, nikapambana na Wachuka.

— Umeifuta? Bila kamati? Na maziwa ya wiki ijayo utayakamua wewe?

Nikamwambia kuhusu vijana na karatasi. Akafungua leso na kuifunga tena.

— Kumbe sumu ilikuwemo, akasema. Ila haikuwa ya kutuua sisi.

Jumapili, 24 Februari

Cheptanui amepiga mwenyewe! Kwa simu ya kuazima, sauti ya chini, kuku nyuma yake. Nilianza kulia, akanikataza. Alisema dakika zenyewe si zake.

— Walinisomea, Mama Ngigi. Mmoja anasoma Kiingereza, mwingine ananitafsiria, kama kanisani. Ulinisifu sana. Mzee wangu, mpaka anakufa, hakuwahi kunisifu hivyo.

Akacheka! Mimi sikuweza.

Ng'ombe wamemchukua, yule mmoja mwenye maziwa. Wamesema ni faini. Mzee wa kanisa amemwomba asiketi mbele kwa sasa. Wamempa muda aseme hadharani kwamba alidanganywa, kwamba viazi alidhani vinaenda sokoni.

Nikamwambia aseme! Aseme nilimdanganya mimi, nimeviiba, lolote. Nitaandika hata mimi, Reena aweke.

— Wewe usiandike tena, akasema.

Baadaye, kwa upole:

— Niliwapa watoto. Nikisema sikuwapa, nitakuwa nimetoa nini?

Nikamwambia basi ahame kwa siku chache. Ahamie wapi na kuku, akauliza. Mimi nilitoka bila kuku hata mmoja, na sikumwambia.

Jumanne, 26 Februari

Ghala lake limechomwa alfajiri. Mahindi yote. Nyumba imepona kwa kuwa upepo ulielekea bondeni. Yeye hajaumia.

Chepkurui alinipigia akilia, safari hii bila hasira. Hawezi kumchukua: shemeji zake nao wameisoma karatasi. Kwa Wakalenjin wenzake hana pa kwenda kwa sababu yangu.

Nimemsubiri Peterson barabarani hadi lori likaonekana. Nilimwomba amlete Cheptanui. Alikataa.

— Mathe, kubeba viazi ni kazi. Kubeba huyo mama ni kichwa yangu.

Nikamwambia ni kweli. Aliingia kwenye lori, akawasha, akazima.

— Yeye huongea sana njiani?

— Sana.

— Afadhali. Mimi husinzia.

Atapita kwake Alhamisi, akirudi na kabichi.

Jumatano, 27 Februari

Kamati imekaa kuhusu Cheptanui. Nilieleza yote bila kujitetea. Yule mama wa Londiani alisema kwanza, na kwa ufupi: alale kwa hema lake, yeye atalala kwa mlango. Wengine wakaafiki, wengine wakatazama chini. Hakuna aliyekataa!

Wachuka ndiye aliyesema la maana.

— Sisi wanawake tutakaa naye. Lakini nani amewauliza vijana wa hapa Karagita? Hatukulala hapa Januari? Hatukuona?

Tuliona. Kwenye ploti ninapopanga vyumba viwili bado vina kufuli za majirani walioondoka kwa miguu, watoto mgongoni, wakifukuzwa na vijana hao kwa sababu ya majina yao. Nami nilikuwa ndani, mlango nimeufunga.

Reena ametuma ujumbe: baraza la ng'ambo limefuta nakala yao. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Jina bado linatokea mahali pengine, pa watu tusiowajua kabisa.

Alhamisi, 28 Februari

Wakubwa wa siasa wametia sahihi mkataba leo! Redio ya kila chumba imesema hivyo kwa pamoja, alasiri. Amani, serikali moja. Wanawake wamepiga vigelegele. Wachuka amenikumbatia, akaniambia sasa kila mtu atarudi kwake. Akaona uso wangu, akaacha.

Nimefagia chumba changu, alale kwangu kwanza kabla ya hema. Nimetoa vitabu chini ya kitanda ili sanduku lake lipate mahali. Nimepika uji, ukapoa, nikaurudisha motoni.

Peterson amepiga mara ya kwanza akiwa Nakuru. Wamepita salama. Cheptanui yuko mbele pamoja naye, amejifunga kitambaa mpaka puani, na kweli anaongea. Amebeba begi na kuku wawili waliofungwa miguu.

Sasa amepiga tena. Amefika njia panda ya kuingia huku. Amezima injini, nasikia.

— Mathe, hapa kuna vijana wengi barabarani. Wanasherehekea, lakini wanachungulia ndani ya magari. Nipinde kuja huko, ama nipite naye moja kwa moja mpaka Nairobi? Niambie haraka.

Nairobi hana mtu. Nimekwenda mlangoni, nimerudi. Huku nako wamefika. Wanapita kwenye ploti wakigonga mabati kwa rungu na kuimba amani. Nawajua kwa sauti. Ni hao hao wa Januari. Mmoja amenisalimia vizuri sana, ameniita shosho.

Simu imechukuliwa na Cheptanui. Hakuuliza kama kuna usalama. Ameuliza kama kwetu ni baridi, maana blanketi liko chini ya kabichi, na kama anashuka hapa ni heri Peterson alitoe sasa.

Nimemwambia angoje kidogo. Bado ananisikiliza; simu iko mezani, karibu na mkono wangu. Mlango wa ploti umefunguliwa na wanaingia wote, wakicheka, wakitaka sisi wazee tutoke tuimbe nao. Naweka kalamu, nashika simu.