Maneno Mawili Niliyoyameza

Kijiji cha Daudi,
S.L.P. 74,
Mbulu.
11 Mei 2008

Mpendwa kaka Emanuel,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Songea? Wifi Leticia kifua kimepoa? Sisi tunapumua tu. Mama anakula kidogo, tena mpaka umsimamie. Mahindi yamefika kiunoni na magugu yake, sina nguvu ya kupalilia.

Barua yako nimeipata. Unasema Daktari Mwita alitudanganya kuhusu ngiri ya marehemu Baba, na ukija Desemba utamshtaki. Kaka, usimguse yule mtu. Nisome kwanza.

Siku ile ya mwaka 2003 mkalimani nilikuwa mimi, maana unajua Kiswahili cha hospitali kilivyokuwa kikimpiga Baba chenga. Daktari alieleza taratibu. Kati ya wazee mia wenye kifua kibovu kama chake, wanne hufa kwa upasuaji. Wasiopasuliwa, kila mwaka watatu kati ya mia hufa utumbo ukinaswa. Nikamgeuzia Baba kwa Kiiraqw: ukipasuliwa wanne, ukiacha watatu. Hayo maneno "kila mwaka" nikayameza. Sikuwa na hila, niliyaona ya kupambia tu. Na wewe nilikuandikia hivyo hivyo, ukakubali.

Baba akasema watatu ni wachache, twende nyumbani, ng'ombe hawajanyweshwa.

Mimi mwalimu wa hesabu, kaka. Kisu ni cha siku moja, ukipona umepona. Ngiri ilikuwa inarudi kuchagua watu wake mwaka hadi mwaka. Juzi watoto walipoondoka nilibaki ubaoni na chaki: mia, tisini na saba, tisini na nne, nikashuka hadi mwaka wa tano. Wamebaki themanini na sita. Wanne kwa kumi na wanne. Labda hata kisu kingemchukua, hesabu haitaji mtu kwa jina. Lakini alistahili kuchagua akijua.

Tena kila tukimaliza kuvuna alinisifu mbele ya wageni kwamba binti yake msomi alimwepusha na kisu. Nilikuwa nikijivuna. Wanasema majuto ni mjukuu, wangu nimeshampakata.

Mama bado anamlaani daktari, na watu wa kanisani hawamsalimii. Jumapili ijayo nitawaambia wote. Nimetaka wewe utangulie kujua.

Hili moja sijamwambia mtu. Ngiri ilipomnasa Baba mwezi uliopita, mvua ilikuwa imekata barabara, tukambeba kwa machela, mume wangu Hhando mbele na majirani nyuma. Kabla ya kufika Endagikot alinishika mkono akauliza, "Oliva, mimi ni wa ngapi katika wale watatu?"

Nilimwambia hayumo. Akaniamini, kaka, kama siku zote, na hakusema tena.

Msalimie wifi na mwanetu Dionis. Mungu awafunike, na akupe moyo wa kunisamehe, hata kama si leo.

Mdogo wako akupendaye,
Oliva