Makohozi ya Nzuki

Machakos,
14 Agosti 2004

Kitheka rafiki yangu,

Pokea salamu za mzee mwenzako. Natumaini huko Kithyoko mko wazima, na yale meno matatu uliyobaki nayo bado yanaelewana. Mimi niko tu. Kifo kinapita hapa mlangoni bila hata kubisha.

Nimesikia mmemfukuza Kalondu, mjane wa ndugu yako Nzuki, shambani, mkisema alimlisha mumewe sumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, ingawa shule niliiachia darasa la nne.

Mwezi wa pili watu wa shirika la afya walikuja hapa mtaani nyuma ya soko, wakasema hata maskini ana haki ya kutibiwa kama tajiri. Wakatugawia vikombe vidogo: kila mtu ateme makohozi ya asubuhi, aandike jina. Atakayepatikana na TB atapewa dawa bure, na kila Ijumaa unga na maharagwe. Kufika kwa maharagwe, masikio yangu yalisimama.

Nzuki alikuwa akikohoa mpaka mbavu zinacheza. Kwa sababu hakujua kuandika, aliniomba nimwandikie jina na kumpelekea kikombe. Nikaandika, nikapeleka.

Majibu yakarudi: Ndambuki mgonjwa, Nzuki mzima. Nesi akamwambia apunguze sigara. Mimi nikawa nameza vidonge kila asubuhi nesi akinitazama, mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi kwa hizo dawa, nikajisifu nao kwa wazee. Nikanenepa. Nzuki akaisha, akafa mwezi wa sita, akisema dawa za bure ni za wenye bahati.

Kitheka, yale makohozi yalikuwa yake. Jina langu nililiandika kwenye kikombe chake, na lake kwenye changu. Nilidhani ni sigara tu, kikohozi kitapita, na mimi nile. Mwezi wa nne nilijua si sigara. Nikaendelea kula.

Kwa hivyo mrudishieni Kalondu shamba lake. Sasa analala kwenye veranda ya kanisa hapa mtaani, na kila asubuhi ananiletea uji, ananihurumia kwa huu ugonjwa. Sijamwambia. Nikimwambia, uji utakoma. Mwambie wewe.

Nisalimie mama watoto, na wote watakaokubali salamu zangu ukishawasomea.

Ni mimi,
Ndambuki