Eti Ninajifanya

Alhamisi

Eti ninajifanya. Shuleni nilikaa kimya kwa sababu ya haya, wenzangu wakasema ninajifanya mkubwa. Leo nimefungua mdomo, na shangazi anayenifundisha kushona ametumia neno lilelile.

Asubuhi Mama Zawadi alikuja dukani kuchukua gauni la kuvaa Jumamosi kwenye harusi ya mwanawe. Kitenge chake kilikuwa bado kimekunjwa chini ya meza, hakijaguswa na mkasi. Shangazi hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani.

"Imebakia vifungo tu. Si ndiyo, Amina?"

Najua, mafundi wote wa mtaa wetu wa Mbugangari husema hivyo. Lakini yule mama alinitazama mimi. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, bado hatujakata."

Akavuta kiti, akakaa. "Bon, sawa. Mukate sasa, mi niko naangalia."

Shangazi alikata. Mama Zawadi hakuondoka mpaka mshono wa mwisho. Alipotoka tu, shangazi akanigeukia.

"We unajifanya malaika. Kama hujui kusema na wateja, kesho ubaki kwenu."

Naogopa. Sina fundi mwingine wa kunifundisha, na mama yangu ameshawaambia majirani wote kwamba ninajifunza kushona.

Lakini anayejifanya ni nani? Mimi niliyesema kitambaa hakijakatwa, ama yule aliyekishonea vifungo kwa mdomo...

Nitaenda kesho saa moja, kama siku zote. Akitaka kunifukuza, anifukuze mbele ya wateja, na aseme sababu.